Kiti Kinamngoja Mwenye Kazi

Hotuba ya katibu anayemaliza muda wake, aliyoitoa katika mkutano mkuu wa mwaka wa tawi letu la wapiga picha, Mombasa. Tunaichapisha yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini siku hiyo.

Wazee wetu wa studio, dada zangu na kaka zangu wa kamera, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, mabegi bado mgongoni: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Pale mlangoni mmeipita karatasi ya wagombea. Nafasi ni nne: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mratibu wa mafunzo. Karatasi ina jina moja. Ukumbi umejaa hata watu wamesimama kule nyuma, na karatasi ina jina moja! Nimewauliza wengi wenu sababu, mmoja mmoja, na karibu nyote mmenijibu maneno yale yale: "Katibu, moyo ninao, lakini nina kazi."

Leo nataka niseme na huyo mwenye kazi. Wewe ambaye Alhamisi uko kwenye kupamba, Ijumaa uko msikitini kwa nikaha, Jumamosi uko kanisani, na Jumapili kutwa umekaa mbele ya kompyuta ukichagua picha. Wewe ndiye tunayekutafuta. Hatumtafuti mtu mwenye nafasi. Mwenye nafasi hajui ni kitu gani kinachotuumiza mwaka huu. Atatuletea kilio cha miaka kumi iliyopita, atatununulia fulana zenye nembo, atatupangia chakula cha jioni. Mwenye kazi ndiye aliyebishana na mteja juzi, ndiye aliyezuiwa getini jana, ndiye ambaye picha yake imechukuliwa wiki hii bila ruhusa. Tawi lisipoongozwa na huyo, litaongozwa na nani?

Niwapeleke mbali kidogo, Marekani, mwaka 1854. Huko Boston palikuwa na mtu aitwaye James Ambrose Cutting. Zama hizo picha zilipigwa kwa kioo kilichopakwa dawa iitwayo kolodioni, na ukiichanganya na bromidi, kioo kinaushika mwanga upesi zaidi. Cutting akachukua hataza juu ya mchanganyiko huo. Maana yake ni kwamba yeyote atakayetia bromidi kwenye kolodioni yake ni lazima apate leseni, na leseni ni pesa. Na bromidi ilikuwa imeingia katika kazi ya kila siku ya studio.

Wenye hataza wakawa wanawafuata wapiga picha wakidai haki yao, na anayekataa anatishwa kwa mahakama. Fikirieni mwenye studio ndogo, mke na watoto nyumbani, barua ya wakili mezani. Atafanya nini? Wengi walilipa, wakanyamaza. Mtu mmoja hapigani na hataza.

Hataza ile ilikuwa ya miaka 14, kwa hiyo ilikuwa inakwisha mwaka 1868, na wenyewe wakaomba iongezwe muda. Hapo ndipo wapiga picha walipokusanyika. Wakapinga ombi lile kwa pamoja. Ombi likakataliwa, na mwaka ule ule wakaunda chama cha nchi nzima, National Photographic Association, wakamchagua Abraham Bogardus wa New York awe mwenyekiti wao wa kwanza.

Sasa nawauliza: Bogardus alikuwa mtu wa namna gani? Mstaafu? Mtu aliyekosa wateja? Hapana. Alikuwa kazini tangu mwaka 1846, mwenye studio inayojulikana katika mji wenye ushindani mkali kuliko Mombasa yetu. Alikuwa na kila sababu ya kusema "moyo ninao, lakini nina kazi." Ila bromidi ilikuwa mikononi mwake kila siku. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kulipia kitu ambacho huwezi kufanya kazi bila hicho.

Lakini kisa hiki kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Baada ya ushindi ule, chama kilianza kulegea. Miaka ya 1870 haikuisha vizuri kwake. Kufika mwaka 1880 ilibidi wapiga picha waanze upya na chama kingine, na kile cha Marekani cha leo, Professional Photographers of America, kinahesabu mizizi yake kutoka huko. Yaani watu walioweza kushinda hataza hawakuweza kukilinda chama chao wenyewe. Adui alipoondoka, kila mtu alirudi studio kwake. Ndugu zangu, je, sisi tunangoja adui ndipo tujaze karatasi ile?

Na adui, tukitaka kumwita hivyo, yupo. Wengine wenu mmekutana naye bila kumjua.

Mwenzetu mmoja alipiga picha za shughuli moja hapa mjini. Kazi nzuri, mteja akaridhika, akalipa. Baada ya miezi kadhaa mwenzetu akaiona picha yake kwenye bango kubwa barabarani, inatangaza biashara ya yule yule mteja. Jina lake halipo, malipo ya ziada hakuna. Akaja kwetu amejaa hasira: "Picha ni yangu, nimeipiga mimi, kwa kamera yangu! Twende mahakamani!"

Tukamwuliza, mkataba uko wapi? Hakukuwa na mkataba. Walikubaliana kwa simu, dipoziti ikaja kwa M-Pesa, basi.

Nisikilizeni hapa vizuri, maana humu ndani wako wengi wasiojua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano kati yenu yanayosema vinginevyo. Narudia. Mtu akikuagiza umpigie picha, na hamkuandikiana lolote, sheria inamtazama yeye kuwa ndiye mwenye hakimiliki. Si wewe uliyekesha. Si wewe uliyenunua lenzi kwa mkopo. Yeye.

Je, hilo ni haki? Kwa maoni yangu, si haki, na natamani siku moja libadilike. Lisidhaniwe kuwa haliwezekani. Uingereza, chini ya sheria yao ya mwaka 1956, picha iliyoagizwa kwa malipo ilikuwa ya mwagizaji; sheria ya mwaka 1988 ikaigeuza, ikawa ya mpiga picha. Sheria hubadilika. Lakini haibadilishwi na mtu mmoja anayelalamika usiku kwenye grupu la WhatsApp. Inabadilishwa na chama chenye uongozi unaojulikana, kinachoweza kuandika barua, kwenda mbele ya kamati ya Bunge na kujibu maswali.

Na hata kabla sheria haijabadilika, sheria hiyo hiyo imetuachia mlango: "isipokuwa kama kuna makubaliano." Mlango huo ni karatasi moja. Karatasi inayosema hakimiliki inabaki kwa nani, mteja aruhusiwe kuzitumia picha wapi, akitaka kuzitia kwenye tangazo alipe nini, dipoziti inarudishwa au hairudishwi harusi ikiahirishwa, picha zitakabidhiwa lini. Baada ya kisa kile, wanachama wachache walijitolea wakakaa na wakili jioni kadhaa, wakaandika mkataba wa mfano, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wakili hakutulipisha, tulimpigia picha za familia yake. Leo mkataba ule unatumiwa na watu ambao hata ada ya tawi hawajalipa. Mimi sina kinyongo nao. Utumike! Lakini jiulize nani aliyeuandika. Ni wapiga picha walioacha kuhariri jioni zile. Asingejitolea mtu, mwenzetu wa bango angekuwa wa kwanza tu katika foleni ndefu.

Nakuja kwa jambo ambalo dada zetu wanalijua kuliko sisi wanaume.

Mnakumbuka Septemba 2023? Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini. Shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya burudani ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Waliotozwa ni shule na klabu, lakini picha zile hazikujipiga zenyewe. Kuna aliyeshika kamera. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake. Wangapi kati yetu tunaweka picha za wateja kwenye kurasa zetu za kujitangaza bila kuwauliza? Msininyoshee mikono, kila mtu ajijibu mwenyewe.

Sasa nendeni nami kwenye ukumbi wa wanawake, usiku wa kupamba. Mlango umefungwa, simu zimekusanywa, bibi harusi amekaa jukwaani, shangazi na mama zake wamevua mabuibui wamejipamba. Mpiga picha ni mwanamke, na hana budi kuwa mwanamke. Mwenzetu mmoja katika tawi hili amefanya kazi hiyo miaka mingi. Kabla ya kamera kutoka begini, mama wa bibi harusi humwuliza swali moja: "Mwanangu, picha hizi zitaonwa na nani?" Na ana jawabu kamili. Kadi hazitoki mkononi mwake. Anayehariri ni mwanamke, na jina lake mteja anapewa. Picha hazipandishwi kwenye intaneti kwa sababu yoyote. Zikichapishwa, anasimama kwenye mashine mpaka ya mwisho itoke. Zikikabidhiwa, nakala zinafutwa mbele ya mteja, na mteja anatia sahihi.

Hakuna aliyemfundisha hayo, wala hakusubiri Bunge litunge sheria. Ni adabu ya kazi, ni heshima ya wenyeji wetu, na leo inalingana kabisa na yale ambayo Kamishna anatutaka tufanye. Mtu huyu ndiye anayefaa kuwaandikia wapiga picha wote wa pwani utaratibu wa kulinda picha za watu. Je, amewahi kukaa kwenye kamati ya tawi? Hajawahi. Na sababu si kwamba hakualikwa. Aliniambia sababu yake, na naomba mwisikie: kwa miaka mingi vikao vya kamati viliwekwa Jumamosi jioni. Jumamosi jioni! Ni mpiga picha gani wa harusi atakayekuja kikaoni Jumamosi jioni? Ni yule asiye na harusi.

Mnaona jambo hili linavyojizungusha? Wenye kazi hawagombei, kwa hiyo wasio na kazi wanapanga vikao, wanavipanga siku ambayo wenye kazi hawawezi, na wenye kazi wanapata sababu nyingine ya kutogombea. Anayeweza kulikata ni mtu mmoja mwenye kazi atakayekubali kuingia na kusema, "Vikao ni Jumanne."

Na kalenda yetu inatuhurumia, tukiitumia. Mwezi wa Ramadhani harusi za Waislamu zinasimama. Mfunguo Mosi unapoingia, hakuna anayelala. Agosti na Desemba ni harusi za kila dini na wageni kutoka bara na ng'ambo. Basi kazi nzito za tawi, yaani hesabu, taarifa za Msajili, mafunzo, ziwekwe miezi iliyotulia. Desemba tawi lifanye jambo moja tu, nalo ni kupokea simu ya mwenzetu aliyekwama. Mtu wa harusi anajua hivyo bila kuambiwa.

Nikitaja simu ya aliyekwama, nina kisa cha karibuni. Mwenzetu alikuwa na harusi Kilifi. Alfajiri akaamka na homa, hawezi kusimama. Bibi harusi anangoja, dipoziti imeliwa, na msaidizi wake ni kijana ambaye hajawahi kushika harusi peke yake. Akapiga simu kwa aliyekuwa zamu kwenye orodha yetu ya dharura. Na aliyekuwa huru siku hiyo alikuwa nani? Mshindani wake mkubwa, mtu wanayegombania wateja mtaa mmoja. Yule akaenda. Akapiga harusi nzima. Usiku akapita nyumbani kwa mgonjwa akamkabidhi kadi zote, na pale harusini kadi yake ya biashara hakuitoa mfukoni hata mara moja. Wageni walipomwuliza jina la studio, alitaja jina la mgonjwa.

Sitamtaja, amekaa humu ndani na haya zake nazijua. Lakini wale mnaoniambia, "Katibu, nitakaaje kamati moja na watu wanaonivunjia bei?", muwe na kisa hiki kichwani. Orodha ile ya dharura haikutoka mbinguni. Kuna mtu aliyepiga simu moja baada ya nyingine, akauliza nani ana kamera ya akiba, nani ana gari, nani anaweza kupiga kanisani na nani anaweza kuingia ukumbi wa wanawake. Kazi ya jioni chache, na imeokoa jina la mtu na siku ya bibi harusi.

Na kwa kuwa bei imetajwa, niimalize, maana kila mwaka inaletwa hapa. Mnataka tawi liweke bei ya chini ya harusi, na atakayeshuka chini yake afukuzwe. Uchungu wenu naujua. Kijana ananunua kamera leo, kesho anapiga harusi kwa bei ya nauli. Lakini mwenyekiti yeyote atakayewaahidi bei moja anawaahidi kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara kupanga bei kwa pamoja, na inavitaja vyama vya biashara. Tunachoruhusiwa, na tunachopaswa, ni kufundishana kuhesabu gharama. Kamera inachakaa, lenzi inaota ukungu kwa unyevunyevu huu wa pwani, betri, umeme, nauli, msaidizi, saa za kuhariri, albamu. Kijana akikaa chini akahesabu hayo yote kwa kalamu, akaona kwamba harusi yake ya bei rahisi ameilipia yeye mwenyewe, atapandisha bei bila kulazimishwa na mtu. Nimeyaona haya kwenye semina yetu, kwa macho yangu. Mratibu wa mafunzo atakayechaguliwa leo, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko ya mwenyekiti.

Wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, naomba niseme na nyinyi kidogo.

Nyinyi mnawakumbuka wapiga picha wa Likoni wa miaka ya 1990. Vibanda vyao njiani kwenye feri, kila kimoja na pazia lake lililochorwa: ndege, meli, majumba ya ghorofa, maua. Kibarua aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ile, akapigwa picha, akaituma kwao ili wazazi waone kuwa mtoto amefika. Wengi wa wapiga picha wale nao walitoka bara. Agosti 1997 ghasia zilipolipuka Likoni, watu wengi wa bara walikimbia, na maisha ya watu yakatawanyika.

Leo ukiniuliza majina ya wapiga picha wale, siwezi kukupa orodha. Picha za Omar Said Bakor wa Lamu dunia inazijua, zile alizounganisha sura za watu na maua na vitu vingine kwa ustadi wa mkasi na chumba cha giza, kwa sababu kuna waliozihifadhi na kuziandika. Lakini wale wa vibandani? Waliwapiga picha maelfu ya watu wa mji huu na wao wenyewe hawakuandikwa popote. Wangekuwa na tawi lenye katibu mwenye daftari, leo tungekuwa na majina. Tungejua nani alichora mapazia, filamu zilisafishwa wapi, nani alimfundisha nani.

Ndiyo maana nawasihi wazee: hatuwataki muwe mapambo ya meza kuu. Tunamhitaji mzee mmoja, hata asiye na cheo, akae na kijana mmoja mwenye kinasa sauti, aseme anayoyajua. Studio zilipohama kutoka filamu kwenda dijitali, kila mwenye studio alikumbana na wimbi lile peke yake, akauza mashine zake peke yake, akafunga mlango peke yake. Sasa wimbi lingine limefika. Simu zinapiga picha safi, programu za kompyuta zinatengeneza sura za watu ambao hawajazaliwa, na wateja wanatuuliza kwa nini wapo wanaolipia. Mtaliacha na hili kila mtu alikabili peke yake?

Nizungumzie hofu zenu mbili, halafu niwaachie uwanja.

Ya kwanza ni muda. Nimeshika ukatibu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kinachomchosha kiongozi wa tawi ni kufanya kazi za watu wanne, na anafanya kazi za watu wanne kwa sababu karatasi ina jina moja. Katibu aandike kumbukumbu za vikao na apeleke taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Vyama. Basi. Mweka hazina apokee ada kwa namba ya tawi, si kwa simu yake binafsi, na alete hesabu mbele yenu, risiti kwa risiti. Basi. Mratibu apange mafunzo. Mwenyekiti aende kule tunakoitwa, kaunti, polisi, mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu droni zetu, na arudi atuambie alichoambiwa. Kila kazi ina mpaka. Ukimaliza muda wako, unatoka, anaingia mwingine. Mimi natoka leo, na ningeombwa kubaki ningekataa, kwa sababu tawi linalomtegemea katibu mmoja litakufa siku akihama mji.

Ya pili ni hofu ya maneno. "Watasema ninatafuta sifa. Watasema nataka udiwani." Watasema, ndiyo. Na kama kuna anayetaka kiti hiki kuwa ngazi ya siasa, namwomba mbele yenu asigombee. Akagombee huko huko. Lakini wewe unayetaka kufanya kazi, maneno yatakuzuia nini? Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Nauli yako utarudishiwa, mshahara hakuna, posho hakuna, na hesabu zitasomwa hapa kila mwaka, mbele ya kila mtu.

Dada zangu, nawageukia nyinyi kwa jina. Nusu ya kazi ya harusi za mji huu haiwezi kufanywa na mwanamume. Kamati isiyo na mwanamke haiwezi kusema kwamba inawakilisha wapiga picha wa Mombasa, na mimi sitaikubali. Kama kikao cha jioni ni kizito kwa sababu ya watoto, kiwe asubuhi. Kama ukumbi huu ni mbali, tukutane Old Town, tukutane Likoni, tukutane Bamburi. Semeni mnachokitaka, tutakifanya.

Na vijana, msingoje kuitwa. Mtu wa droni asiyejulikana na tawi siku akizuiwa, atamwita nani?

Sasa, taratibu. Akidi tunayo, imeshahesabiwa. Karatasi imetolewa mlangoni, iko hapa mezani, na kalamu iko juu yake. Tutapumzika kwa chai nusu saa. Anayegombea aandike jina lake mwenyewe. Anayempendekeza mwenzake amlete hapa mezani akubali kwa kinywa chake, maana hatutaki kumchagua mtu asiyekuwepo. Kila mgombea atapewa dakika tatu, na nawaomba msimwulize amekuwa mwanachama tangu lini. Mwulizeni ana kazi gani wiki ijayo, na ni jambo gani la kazi hiyo linalohitaji tawi.

Daftari la kumbukumbu, orodha ya dharura, mkataba wa mfano na faili la Msajili nimevileta vyote kwenye sanduku hili. Atakayechaguliwa katibu asiondoke leo bila kukaa nami tukavipitia kimoja kimoja, na kikao cha kwanza cha kamati mpya kiwekwe kabla hatujatawanyika. Mimi napendekeza Jumanne.

Chai iko tayari. Karibuni mezani.